"Honourable": Mheshimiwa, Mstahiki au Muungwana?

Makala haya yanahusu neno moja tu la Kiingereza, nalo ni "honourable". Ukiuliza maana yake katika semina yoyote ya fasihi utajibiwa papo hapo, tena kwa sauti moja kama kwaya: mheshimiwa. Watu wanaandika kwenye daftari, ukurasa unafunuliwa, kazi inaendelea. Ninachokusudia kuonyesha ni kwamba jibu hilo, ambalo bungeni halina kasoro, linatuharibia usomaji wa tamthilia. Mfano wangu mkuu utakuwa Julius Caesar ya Shakespeare, ambayo wengi wetu tumekutana nayo ama kwa Kiingereza ama katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere, iliyotoka mwaka 1963 na kutolewa tena, baada ya kupitiwa upya, mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Katika tamthilia hiyo mji mzima unawaka kwa sababu ya neno hili. Msomaji aliyekwisha kulifasiri "mheshimiwa" kichwani mwake anauona moto, lakini kiberiti hakioni.

Kwanza niondoe mambo madogo njiani. Herufi h ya mwanzo haitamkwi, ndiyo maana Waingereza huandika "an" mbele ya neno hili na si "a". Liliingia kwao kutoka Kifaransa, baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, na Wafaransa nao walikuwa wamelirithi kutoka Kilatini. Wamarekani huliandika bila u. Ufupisho wake ni Hon., na hapo pana mtego: katika vyama na klabu za Kiingereza, Hon. iliyotangulia cheo cha katibu au mweka hazina ni ufupisho wa neno jingine, "honorary", lenye maana kwamba mtu huyo anafanya kazi hiyo bila malipo. Mheshimiwa asiyelipwa! Kwetu sijui kama angepatikana. Tusichanganye basi katibu wa heshima na katibu mheshimiwa.

Sasa tuje kwenye umbo la neno, maana mzizi wa fitina uko hapo. Kiambishi "-able" huonyesha kwamba kitu kinafaa au kinastahili kutendewa jambo fulani. Maji yanayonyweka, mwandiko unaosomeka, mtu anayestahili "honour". Neno letu "mheshimiwa" limejengwa kwa njia nyingine: ni kitenzi heshimu katika kauli ya kutendwa, kikavalishwa m- ya watu. Mheshimiwa ni yule ambaye watu wanamheshimu. Tazama tofauti ilivyo kubwa. Kiingereza kinatoa hukumu juu ya mtu, kwamba anastahili. Kiswahili kinatoa taarifa juu yetu sisi, kwamba tunamheshimu. Hukumu inaweza kukatiwa rufaa. Mtu anaweza kusimama akasema: hapana, bwana huyo hastahili, na ushahidi huu hapa. Lakini taarifa ya "mheshimiwa" inajithibitisha yenyewe kinywani mwa msemaji, kwa kuwa kule kumwita tu mtu mheshimiwa ndiko kumheshimu kwenyewe. Huwezi kumwita mtu jina hilo kisha ukadai kwamba si kweli.

Najua kuna mwenzangu atakayeniuliza: je, kauli ya kutendeka? Kweli, tunayo, na "mtu anayeheshimika" iko karibu zaidi na "honourable" kuliko "mheshimiwa" ilivyo. Tatizo ni kwamba katika mazungumzo yetu ya kila siku "anaheshimika" nayo imeteleza, siku hizi inamaanisha tu kwamba watu wengi wanamheshimu. Tena huwezi kuigeuza kuwa jina la kumwitia mtu. Hakuna anayesema "mheshimika". Kwa hiyo tuiweke pembeni.

Kilatini cha kale kilikuwa na neno "honor", na Warumi walilitumia kwa maana mbili ambazo kwao hazikutengana: sifa njema anayopewa mtu, na cheo cha umma alichochaguliwa kushika. Ngazi ya vyeo aliyopanda mwanasiasa wa Kirumi, kutoka mweka hazina hadi konsuli, iliitwa "cursus honorum", yaani njia ya heshima, ama njia ya vyeo, chagua mwenyewe. Kwa maana hii ya pili Brutus wa historia alikuwa "honourable" bila ubishi wowote. Caesar alipouawa tarehe 15 Machi mwaka 44 KK, Brutus alikuwa praetor wa mji wa Roma, hakimu mkuu, na Cassius naye alikuwa praetor mwaka huohuo. Walikuwa viongozi kamili, wenye ofisi na walinzi.

Maana hizo mbili zimeendelea kulala kitanda kimoja ndani ya Kiingereza mpaka leo. Mtoto wa baroni huitwa "the Honourable" kwa sababu tu baba yake ni baroni, hata kama mwenyewe ni mlevi na mkopaji sugu. Katika Bunge la Uingereza wabunge hawaitani kwa majina; husema mbunge "honourable" wa jimbo fulani, na akiwa wa chama chao humwita rafiki yao "honourable". Aliye mjumbe wa baraza la washauri wa mfalme huongezewa "right" mbele yake. Zamani aliyekuwa ofisa wa jeshi aliongezewa neno la ushujaa, na mwanasheria neno la usomi. Na humo humo ni marufuku kumwita mwenzako mwongo. Matokeo yake ni kwamba mbunge anayetaka kumchana mwenzake vipande vipande analazimika kufanya hivyo huku akimtaja kwa neno hili la adabu katika kila sentensi. Neno linakuwa kodi: ukitaka kusema, lipa kwanza.

Kodi hiyohiyo ndiyo analipa Antony. Wasomaji wengi wa tamthilia hukimbilia hotuba yake moja kwa moja na kusahau makubaliano yaliyoitangulia. Katika tendo la tatu, onyesho la kwanza, Brutus anamruhusu Antony kuzungumza katika mazishi kwa masharti: asiwalaumu waliomuua Caesar, amsifu Caesar kadiri apendavyo, na aseme kwamba anazungumza kwa ruhusa yao. Antony anakubali. Anapopanda jukwaani katika onyesho la pili anatimiza masharti yote, neno kwa neno. Halaumu mtu. Anawataja kwa adabu. Kwa hesabu yangu, kabla umati haujakimbia kwenda kuchoma nyumba, neno "honourable" linatoka kinywani mwake mara kumi.

Tena si yeye aliyelileta jukwaani. Hili halisemwi vya kutosha. Brutus ndiye aliyetangulia kuhutubia, kwa nathari kavu, na katika maneno yake ya mwanzo aliwataka Warumi wamwamini kwa ajili ya "honour" yake. Yaani dhamana yake yote aliiweka juu ya neno hilo. Hakutoa ushahidi wa kosa la Caesar, si barua, si shahidi, si tukio. Alisema tu Caesar alikuwa na tamaa ya ukubwa, na kwamba anayesema hivyo ni mimi, Brutus, mnanijua. Antony anaichukua dhamana hiyo na kuipeleka sokoni ikapimwe.

Jinsi anavyoipima ndiyo sehemu tamu. Anataja jambo moja alilolitenda Caesar: alileta mateka Roma na fidia zao zikajaza hazina ya umma.  Anataja jingine: maskini walipolia, Caesar alilia nao. Neno. Anataja la tatu, ambalo umati mzima ulilishuhudia kwa macho, kwamba katika sikukuu ya Luperkalia alimpa Caesar taji mara tatu na mara tatu Caesar akalikataa. Neno tena. Hii takriri haikuwekwa kwa ajili ya mdundo peke yake, kama tunavyoambiwa katika vitabu vya maswali na majibu. Kila linaporudi, neno ni lilelile lakini msikilizaji si yuleyule. Mara ya kwanza analisikia kama adabu ya msibani. Mara ya pili kama mazoea. Kufikia ya nne anajiuliza: hivi kweli? Na mwisho raia mmoja katika umati analirusha hewani mwenyewe, kwa dharau, akiwaita wauaji hao wasaliti. Antony hakusema. Wamesema wao.

Hapo ndipo swali langu la tafsiri linapouma. Kinaya hiki kinawezekana kwa sababu "honourable" ni hukumu yenye kukatiwa rufaa. Antony anaitamka hukumu, anaweka ushahidi kando yake, anarudi kuitamka tena, mpaka hukumu na ushahidi havikai pamoja. Sasa weka "mheshimiwa" mahali pake. Brutus ni mheshimiwa. Ndiyo, ni praetor, nani asiyejua? Caesar alilia na maskini, na Brutus ni mheshimiwa. Sawa, bado ni praetor. Unaweza kulirudia neno hilo hadi jioni na halitachakaa, kwa kuwa halikudai chochote juu ya tabia ya mtu. Kiongozi aliyeua bado ni kiongozi mpaka aondolewe ofisini. Hadhira ya Dar es Salaam itakayosikia "mheshimiwa" itamwona Brutus kama mbunge, itacheka kidogo, kwa sababu zake yenyewe, na itaendelea kusubiri hotuba ianze.

Mtu asinielewe vibaya. Sisemi kwamba "mheshimiwa" haliwezi kubeba kejeli. Mitaani linaibeba kila siku: rafiki yako akivaa suti mpya utamsikia mwenzake akimpokea kwa "aa, mheshimiwa!", na kondakta anayetaka abiria asogee nyuma naye hulitumia. Lakini kejeli hiyo inacheza na kiti. Inasema: unajifanya una kiti ambacho huna, au kiti chenyewe siku hizi si kitu. Antony hagusi kiti cha Brutus hata kidogo. Anachokishtaki ni moyo wake.

Tanzania tuna sababu ya ziada ya kulisikia neno hili kama kiti. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, neno lililotawala lilikuwa "Ndugu", kwa kiongozi na kwa karani. Ndugu halimpimi mtu wala halimpandishi. Linamweka kwenye ukoo. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, "Ndugu" lilizidi kubaki ndani ya chama, na "Mheshimiwa" likashika ofisi na ukumbi wa Bunge, ambako leo hata Spika hutajwa nalo kila mchangiaji anapofungua kinywa. Wale tuliozaliwa baada ya hapo tumelikuta neno likiwa limeshakuwa samani ya ofisi. Yafaa kukumbuka kwamba "heshima" yenyewe ilitoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya haya na staha, ile adabu ya kujizuia. Mwenye heshima wa awali ni mwenye kuona haya. Kutoka hapo hadi king'ora cha msafara ni mbali.

Kama si mheshimiwa, tuseme nini? Lipo "mstahiki", ambalo tumelifungia kwa mameya. Kwa maana yake ya asili ndilo lililo karibu kabisa na "-able", kwani kustahiki ni kuwa na haki ya kupata jambo, na ndani yake kuna mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa "haki". Mstahiki anadai kitu, na anayedai anaweza kuulizwa. Mwandishi wa Kenya Timothy Arege aliliona hilo vizuri alipoiita tamthilia yake Mstahiki Meya, iliyotoka mwaka 2009. Mji ni Cheneo, wafanyakazi wanagoma, hospitali haina dawa, na meya anaitwa mstahiki. Jina la kitabu peke yake ni hotuba ya Antony kwa maneno mawili. Msomaji anamaliza kila onyesho akiuliza: anastahiki nini hasa? Ingekuwa "Mheshimiwa Meya", swali hilo lisingezuka, na kitabu kingeanza kikiwa kimepoteza nusu ya meno yake. Kwa upande wa Antony, hata hivyo, "mstahiki" lina ugumu: limezoea kusimama mbele ya cheo, na likiachwa peke yake linadai kuulizwa "mstahiki wa nini?" mapema mno. Antony anahitaji neno linaloanza kwa upole.

Mimi naliona katika "muungwana". Najua litapingwa, kwa kuwa leo wengi hulisikia kama mtu mpole asiyepiga kelele. Lakini katika pwani ya zamani muungwana alikuwa mtu huru, mzaliwa wa mji, kinyume cha mtumwa. Na palepale neno lilibeba matarajio ya namna mtu huyo anavyopaswa kuishi. Nasaba na tabia katika neno moja, kama vile "honor" ya Warumi ilivyounganisha cheo na sifa. Brutus naye anaringia nasaba. Cassius anamkumbusha habari za Brutus wa kale aliyewakatalia wafalme Roma, na anamkumbusha kwa makusudi. Halafu tuna methali isemayo: ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Methali hiyo inamfanyia Antony kazi yote. Ukisema mbele ya Waswahili "Brutus ni muungwana", kisha ukaonyesha kanzu iliyotobolewa kwa visu, wasikilizaji wataumalizia msemo wenyewe vichwani mwao. Kitendo ni hicho hapo, kimelala chini, kinavuja damu.

Pia litamsaidia mwigizaji. "Mheshimiwa" halipandi wala halishuki. "Muungwana" unaweza kulitamka kwa heshima mara ya kwanza, kwa uchovu mara ya tatu, na mara ya mwisho ukalivuta ile "mu-u" mpaka umati ucheke kwa uchungu. Jaribu mwenyewe kwa sauti, mlango ukiwa umefungwa.

Cassius naye analitumia neno, mapema kabisa, katika tendo la kwanza, akiwa peke yake jukwaani baada ya Brutus kuondoka. Anasema kwa maana ya kwamba madini ya Brutus ni ya "honourable", na bado yanaweza kufuliwa yakawa kitu kingine. Ni mhunzi anayetazama chuma. Hapo hakuna kinaya: Cassius anaamini kabisa kwamba Brutus anastahili, na kwa sababu hiyo anamhitaji. Mwuaji asiye na jina jema hana faida kwa njama hii. Kwa hiyo neno linaanza tamthilia likiwa kweli tupu na linafika kwa Antony likiwa bado na ukweli ndani yake, jambo linalotuzuia kumsoma Brutus kama mnafiki wa kawaida. Mfasiri akibadili neno kati ya Cassius na Antony, akaweka "mwadilifu" huku na "mheshimiwa" kule, anaukata uzi huo, na msomaji wa Kiswahili hatajua kwamba aliwahi kuushika.

Nimalizie na mahali pengine ambapo neno hili linatokea, pagumu kuliko hapa. Mwishoni mwa Othello, baada ya kumuua Desdemona, Othello anaulizwa aambiwe nini, naye anajibu kwamba wakitaka wamwite muuaji "honourable", kwa kuwa alitenda kwa ajili ya "honour" na si kwa chuki. Jaribu "muuaji mheshimiwa", ukumbi utaangua kicheko na kumtafuta mbunge. Jaribu "muuaji mstahiki", watu watadhani anastahiki kunyongwa, jambo ambalo pengine ni kweli lakini silo alilolisema. "Muuaji muungwana" linasimama, na linaleta kitu ambacho Kiingereza chenyewe hakikukiweka katika neno hilo. Othello ametueleza mwanzoni mwa tamthilia kwamba anatoka katika ukoo wa kifalme, kwamba aliwahi kutekwa na adui akauzwa utumwani, kisha akakombolewa. Kwa Mswahili wa pwani, mtu aliyepitia hayo matatu anapojiita muungwana, na anapojiita hivyo akiwa amesimama kando ya maiti ya mkewe, neno hilo lina bei anayoijua yeye.